Mbio Kumi na Tano

Timu ilipata mbio 15 tu katika zamu yake ya kwanza, kisha ikashinda mchezo! Hayo yalitukia Birmingham, Uingereza, mwezi wa Juni 1922, katika mashindano ya kriketi ya majimbo.

Warwickshire walitangulia kupiga, wakapata 223. Hampshire walipoingia, mipira 53 ilitosha kuwatoa. Wanane kati yao hawakupata hata mbio moja, na 4 katika hizo 15 hazikutokana na gongo la mtu yeyote. Wakiwa nyuma kwa 208, walirudishwa uwanjani papo hapo. Watu 8 walikwisha kutoka kwa jumla ya 274, yaani walizidi kwa 66 tu, ndipo mlinda wiketi Walter Livsey alipomkuta George Brown uwanjani. Wakaongeza 177 wawili hao: Brown akafikia 172, naye Livsey 110 asitolewe. Zamu ikaisha kwa 521. Warwickshire, waliohitaji 314, wakaishia 158.

Nahodha wa Hampshire alikuwa Lionel Tennyson, mjukuu wa yule mshairi Alfred Tennyson. Na Livsey, mtu wa kumwamini, alikuwa mtumishi wake wa nyumbani. Kriketi ya Kiingereza siku zile iliwatenga waungwana na wachezaji wa ujira, na utengano huo haukufutwa hadi 1962. Wasimulizi hupenda kumtaja nahodha kwanza. Mimi naona ushindi ule ni wa Brown na Livsey, na wote wawili walikuwa watu wa ujira.