"Nguvu za Kiume": Jina Moja, Mizigo Minne

Kwenye machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, Shinyanga, nguvu ni ajira. Anayeshuka kwenye duara na kupandisha mawe yaende karasha analipwa kwa mwili wake. Sasa mwanaume wa hapo akiambiwa amepungukiwa "nguvu za kiume", hasikii jina la ugonjwa tu. Anasikia kwamba ameisha.

Jina hilo si pekee tulilonalo. Kuna "hanithi", lenye mzizi wa Kiarabu unaomhusu mwanaume mwenye mwenendo wa kike. Kwetu likambeba pia asiyeweza kumwingilia mwanamke, ugonjwa na tusi vikalala kitanda kimoja. Kuna mzaha wa kijiweni: jogoo hapandi mtungi. Mbele ya hayo mawili, "upungufu wa nguvu za kiume" ni lugha ya heshima, inayofaa redioni na kwenye mabango ya waganga.

Wazungu nao walipita njia hiyo. Madaktari wao walitumia neno la asili ya Kilatini lenye maana ya kukosa uwezo, kama vile mtu mzima ndiye aliyeharibika. Desemba 1992, mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ulipendekeza liachwe. Jina jipya likataja hitilafu yenyewe: uume kushindwa kusimama, au kutodumu kiasi cha kutosheleza tendo. Machi 1998 Viagra ikaidhinishwa huko, dawa ambayo mwanzoni ilijaribiwa kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo.

Jina lao linatenganisha, letu linakusanya. Ndani ya "nguvu za kiume" tumetia kusimama, hamu, kumaliza mapema, na hata ugumba, ingawa mwanaume anaweza kuwa imara kitandani na mbegu zake zisitungishe mimba. Muuza vumbi la Kongo analipenda jina hili: tatizo moja, kijiko kimoja.

Kinachopotea ni taarifa. Uume husimama kwa damu, na mishipa yake ni myembamba kuliko ya moyo. Ikianza kuziba, dalili inaweza kutokea hapo miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Kisukari, presha, sigara na msongo wa mawazo navyo vimo. Isitoshe, wakaguzi wa nchi mbalimbali wamekuta dawa za "asili" zilizochanganywa kwa siri na sildenafili, kiini cha Viagra. Ikikutana na dawa za moyo za naitreti, presha inaweza kushuka hadi kuua.

Hatuhitaji kusubiri kamusi itupe neno jipya. "Uume wangu hausimami vizuri, tangu mwezi fulani" ni sentensi ndefu, haina ushairi, lakini mganga wa zahanati akiisikia anajua pa kuanzia: kupima presha na sukari.