Mtungi Mweupe, Mtungi wa Kijani, Mtungi wa Bluu

Mjomba wangu alimaliza darasa la saba na anasoma gazeti kila asubuhi, lakini maandishi ya kwenye mtungi wa gesi ni ya Kiingereza, kwa hiyo yeye husoma rangi. Mweupe ni kumi na mbili. Wa kijani ni ishirini na mbili. Wa bluu ni mia thelathini na nne. Kwa hesabu hiyo ametengeneza friji na viyoyozi pale Tandika kwa zaidi ya miaka thelathini, amesomesha watoto wanne, na ada yangu ya mwaka wa kwanza chuo kikuu ilitoka kwenye kompresa alizozifufua.

Mwaka jana alikuwa anakata kwa moto bomba la friji ya mtumba iliyotoka Ujerumani. Moto ukatoka ndani ya bomba na kumrukia. Uliunguza nyusi zote mbili na ngozi ya mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Nilipofika hospitali nilimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji, anatazama ukuta.

“Mama,” aliniambia, maana nimerithi jina la bibi, “gesi ya friji haiwaki.”

Hakusema kwa kujitetea. Alisema kama mtu aliyeibiwa na ndugu.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Jambo moja nililolishika darasani ni kwamba ukitaka kujua kwa nini mtu anaamini kitu, mtafute aliyemwambia. Nikaanza kumtafuta aliyemwambia mjomba kwamba gesi ya friji haiwaki.

Wa kwanza nilimpata kwa urahisi. Alikuwa fundi mzee wa Gerezani, sasa ni marehemu, aliyempokea mjomba mwaka 1989 akiwa kijana wa miaka 17. Hapakuwa na daftari wala cheti. Saidia fundi alibeba mitungi, alifagia, alitazama. Siku moja mzee aliwasha kiberiti, akafungua kidogo vali ya mtungi mweupe, gesi ikatoka na moto ukazimika. “Umeona?” aliuliza. Hilo ndilo lilikuwa somo zima, na mjomba hakulisahau.

Mzee hakudanganya. Gesi ya mtungi ule, R-12, kweli haiwaki. Lakini somo lake lilikuwa na babu yake, na huyo nilimkuta Marekani mwaka 1930.

Kabla ya hapo friji zilitumia amonia, salfa dayoksaidi na methili kloridi. Gesi hizo zilipoa vizuri, ila bomba likivuja usiku zingeweza kuua familia iliyolala. Habari za vifo vya namna hiyo mjini Berlin ndizo zilizowasukuma Albert Einstein na Leo Szilard kubuni friji isiyo na kipande kinachotembea, ili pasiwe na pa kuvujia. Hataza yao ya Marekani ilitoka mwaka 1930. Mwaka huohuo mkemia Thomas Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akavuta pumzi ya gesi mpya aliyoshiriki kuibuni, kisha akaipuliza kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika. Kwa pumzi moja alikuwa ameonyesha mambo mawili: gesi haina sumu na haiwaki. Gesi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa R-12. Kiberiti cha Gerezani kilikuwa mshumaa wa Midgley, uliosafiri miaka karibu sitini kutoka mkono hadi mkono.

Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walichapisha onyo kwamba gesi za aina hiyo hupanda hadi juu sana angani, huko jua likazivunja, na klorini yake ikala tabaka la ozoni linalotukinga. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni ya juu ya Antaktika imepungua vibaya. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Itifaki ya Montreal.

Hesabu miaka. Mjomba alianza kazi mwaka 1989, miaka miwili baada ya Montreal, na kazi ya kwanza aliyokabidhiwa ilikuwa kufungua vali na kuiachia gesi yote ya zamani itoke hewani kabla ya kulehemu. Waliita kuipumzisha friji.

Mwanzoni niliona huo kuwa ujinga wa mtaani. Kisha nikausoma mkataba wenyewe. Nchi tajiri zilitakiwa kuacha R-12 na ndugu zake kufikia 1996, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi 2010. Kuchelewa kwetu kuliandikwa kwenye ratiba, kwa nia njema, ili tupate muda wa kujiandaa. Ila ratiba haikusema nani atatembea hadi Tandika kumwambia fundi. Sheria iliyoanzisha VETA ilipitishwa mwaka 1994, ikamkuta mjomba ana miaka mitano kazini na wateja wanaomsubiri. Nani angefunga kibanda arudi darasani?

Aliyemletea habari alikuwa muuza vipuri. Siku moja mtungi mweupe haukuwepo dukani, ukawepo wa bluu. “Hii ndiyo ya sasa.” Basi. R-134a haili ozoni, na mjomba aliipokea. Lakini kilo moja yake ikitoka hewani hupasha dunia joto, kwa miaka 100, kuliko tani moja ya kaboni dayoksaidi. Kwa ajili ya gesi za ukoo huo mataifa yalikutana tena Oktoba 2016, safari hii Kigali, jirani kabisa. Habari za Kigali nazo hazikufika kibandani.

Friji ndiyo iliyofika. Mwaka 1993 kiwanda cha Foron, Ujerumani, kilianza kuuza friji zenye gesi ya ukoo wa isobuteni, ndugu wa gesi tunayopikia. Haili ozoni, na joto inaloongeza ni dogo mno. Ulaya ikaifuata. Friji hizo zilipochakaa, baadhi zilipanda meli. Ndani ya ile iliyomuunguza mjomba hapakuwa na mtungi wa rangi yoyote, ila gramu chache za gesi isiyo na harufu na kibandiko kidogo nyuma, R600a, chenye alama ya moto iliyofifia.

Mkono ulipopona alijiandikisha kwenye kozi fupi chuo cha ufundi. Ana miaka 52, wenzake wana 19. Nilimsindikiza siku za mwanzo. Alifundishwa kukata bomba kwa kikatio, kuikusanya gesi kwenye mtungi badala ya kuiachia, kusafisha kwa naitrojeni, kunyonya hewa kwa pampu, kisha kupima gesi mpya kwa mizani. Mizani ilimuudhi. Miaka yote alishika bomba la kurudi kwenye kompresa, likitoa jasho anajua imetosha. Alipima mara tatu, akakubali kimoyomoyo.

Kilichomnyamazisha ni rangi. Mwalimu alieleza kwamba mwongozo wa watengenezaji wa Marekani unataka mitungi yote, kuanzia 2020, ipakwe rangi moja ya kijivu chenye ukijani. Gesi inayowaka huongezewa mkanda mwekundu juu. Njiani kurudi, ndani ya daladala, mjomba hakusema neno hadi Temeke.

“Kwa hiyo sasa nitasoma,” alisema.

Jioni ile tulikaa na daftari langu la zamani. Upande mmoja aliandika namba, upande wa pili Kiswahili: inawaka, haiwaki. Hakuna la ajabu humo, ni ukurasa mmoja na nusu. Umebandikwa ukutani kibandani, juu ya mtungi mweupe mtupu ambao siku hizi ni kiti.

Wiki iliyopita nilimkuta saidia fundi wake amekalia kiti hicho, akamuuliza kama gesi ya friji inawaka. Mjomba aliutazama mkono wake wenye kovu.

“Friji ipi?” alimuuliza. “Nenda nyuma yake ukasome, kisha uje uniambie wewe.”