Pelorovis wa Olduvai na Nasaba ya Ng'ombe: Hoja Dhidi ya Ushahidi wa Pembe

Dai kwamba ng'ombe wafugwao ulimwenguni wametokana na mnyama wa Korongo la Olduvai ni tamu masikioni mwa Mtanzania, na hata huku Madale, pembezoni mwa Kinondoni, ambako si haba nyumba zenye zizi la ng'ombe wa maziwa uani, sioni ajabu msikilizaji akilipokea kwa bashasha. Nami ningelipenda liwe kweli. Lakini fahari si dalili, na madhali dai limeandikwa na wataalamu wenye sifa, halina budi kujibiwa kwa hoja.

Mwaka 1913 Hans Reck, mwanajiolojia wa Kijerumani, alichimba Olduvai, na miongoni mwa alivyovipata lilikuwamo fuvu la mla majani mwenye pembe kubwa mno, zilizochomoza nyuma ya kichwa na kupinda nje. Mwaka 1928 akatangaza jenasi mpya, Pelorovis, akimdhania mnyama huyo kuwa jamaa ya kondoo. Ukondoo huo hauna mtetezi leo, maana Alan Gentry alibainisha mwaka 1967 kwamba ni wa ukoo wa ng'ombe na nyati, na aghalabu akawekwa jirani na nyati wa Afrika. Hitilafu ilizuka mwaka 2007, Bienvenido Martínez-Navarro na wenzake walipoandika kwamba Pelorovis ndiye aliyezaa Bos, jenasi ya ng'ombe. Mwaka 2010 wakaongeza mnyama wa Buia, Eritrea, wa umri wa miaka milioni moja hivi, wakamwita Bos buiaensis.

Nguzo ya dai lao ni umbo la fuvu na pembe, na hapo ndipo ninapokataa, kwa kuwa pembe ni kiungo chepesi mno kugeuka. Amtazamaye ng'ombe wa Ankole, afugwaye Karagwe na ng'ambo ya mpaka huko Uganda, ambaye pembe zake hupanda juu na kutanuka kupita mabega yake, kisha akamtazama zebu wa kienyeji mwenye pembe fupi, akakumbuka kwamba wawili hawa huzaliana bila taabu na kwamba tofauti ya pembe zao kwa sehemu kubwa ni kazi ya wafugaji, hatathubutu kupima nasaba ya miaka milioni kwa pembe. Wala fuvu si shahidi wa pili aliye huru: kichwa kibebacho mzigo mkubwa nyuma yamkini hujengeka upya kwa ajili ya mzigo huo, hata wanyama wasiohusiana wakaja kufanana.

Fauka ya hayo, jamaa wa karibu wa ng'ombe walio hai, yaani yaki, gauri, banteng na baisani, wote ni wa Asia, isipokuwa baisani aliyeenea hadi Ulaya na Marekani. DNA yao huwaweka pamoja na ng'ombe, na nyati wa Afrika kando. Anayetaka kumtoa ng'ombe Olduvai ama awatoe na ndugu zake wote hapo, ama aonyeshe ni babu gani wa Kiasia aliyeingia Afrika kwanza akageuka Pelorovis.

Huenda nikajibiwa kwamba walio hai hawawezi kuwasemea wafu, na kwamba mifupa ya Olduvai haijawahi kutoa DNA. Ni kweli, lakini mwaka 2019 protini zilisomwa katika enameli ya jino la kifaru wa Dmanisi, Georgia, la umri wa miaka milioni 1.77, ambao ni mkubwa kuliko wa baadhi ya tabaka zilizohifadhi Pelorovis. Joto la kwetu huharibu protini upesi zaidi, nakiri. Hata hivyo, walio na dhamana ya visukuku vya Olduvai waruhusu jino moja lijaribiwe, na hadi hapo jina Pelorovis lisifutwe katika orodha zetu kwa kuingizwa ndani ya Bos. Nami nathubutu kusema kwamba jino hilo, likijaliwa kujibu, litamshuhudia nyati.