Taarabu na Raha ya Moyo

Mwili uliochoka hulala ukapona. Moyo uliochoka hauponi kwa usingizi peke yake. Hutaka kitu cha kuutuliza ukiwa macho. Watu wa Unguja waliipata dawa hiyo katika taarabu, na historia ya muziki huu yafaa kusomwa na kila atakaye kujua jinsi raha iliyokuwa mali ya wachache ilivyofika kwa wengi.

Jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu, tarab, yaani kusisimka kwa moyo, kwa furaha au kwa huzuni, mtu asikiapo sauti nzuri. Masimulizi yaliyoenea husema kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja toka 1870 hata 1888, aliupenda muziki wa Misri, akampeleka Mohamed Ibrahim mjini Cairo kujifunza kupiga kanuni. Aliporudi aliwafundisha wengine, na jumba la mfalme likajaa nyimbo za Kiarabu. Wachukuzi wa bandarini na wachuma karafuu, ambao jasho lao lilizijenga fahari hizo, hawakualikwa. Mwaka 1905 watu wa mjini walianzisha chama cha Akhwani Safaa, wakawa na muziki wao nje ya jumba. Lakini lugha ya nyimbo ilibaki ileile ya ugenini.

Aliyeufungua mlango alitoka shamba. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, kwa wazazi waliokuwa wameonja utumwa, naye mwenyewe alipewa jina la Mtumwa. Alichukua vyungu vya mamaye kichwani akivitembeza kwa kuviuza, na sauti yake ya kuwaita wanunuzi ilitangulia kusikika kabla ya vyungu kuonekana. Utumwa ulikuwa umeondolewa katika sheria mwaka 1897, lakini sheria haiondoi dharau katika macho ya watu. Alipohamia mjini mnamo 1911 alijifunza uimbaji, akaimba kwa Kiswahili. Aliitwa katika majumba ya wakubwa, akaimba pia Ng'ambo, katika mitaa ya maskini. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kutia nyimbo zao katika santuri, na santuri hizo zikaifikisha sauti yake mahali ambapo miguu yake haikufika.

Taarabu hutuliza kwa njia ya subira. Vyombo hutangulia: kanuni, udi, fidla, nai na dumbaki huzungumza kwa muda mrefu kabla ya neno la kwanza kutamkwa. Mwimbaji hutoa ubeti, waitikiaji huurudisha mkarara, kisha vyombo hushika zamu yao. Katika nafasi hiyo msikilizaji huligeuza neno moyoni mwake na kuitafuta maana iliyofichwa ndani ya fumbo. Vina na mizani humsaidia kulikumbuka. Mwenye haraka husikia sauti tu. Aliyetulia husikia sauti na maana.

Wako wasemao kwamba muziki wa namna hii ni kileo cha kuwasahaulisha watu shida zao. Maisha ya Siti yanaijibu hoja hiyo. Wimbo wake juu ya Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke, na jinsi lawama ya mahakama ilivyowaangukia wanawake wenzake hali mtuhumiwa amekimbia. Watu waliokaa kitako kupumzika waliinuka wakijua ni nani aliyedhulumiwa. Mtu aliyechoka hukosa nguvu ya kuipima dhuluma. Aliyepata kituo huiona kwa ukamilifu wake.

Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Akhwani Safaa ilitimiza miaka 100 mwaka 2005. Leo nyimbo na sinema hutiririka mchana na usiku katika simu za mkononi, na aliye nacho hata kidogo aweza kusikia zaidi ya alivyosikia sultani. Wingi huo ni neema, lakini nyimbo mia zilizopita masikioni kwa pupa haziuletei moyo tarab. Mlango ambao binti wa mfinyanzi aliufungua ungali wazi. Ada ya kuuingia ni kukaa kitako, kunyamaza, na kuungoja ubeti ufike mwisho wake.