Mzabibu wa Bihawana: Urithi Ulioanzia Altareni



Katika kila adhimisho la Misa Takatifu tunapeleka altareni mkate na divai. Ni wachache miongoni mwetu, waamini wa Ihanja, waliowahi kujiuliza divai hiyo yatoka shamba gani. Nchi yetu ya Singida ni nchi ya mtama, uwele, alizeti na asali. Babu zetu walijua kupika pombe ya nafaka na kuchachusha asali, wala hawakuujua mzabibu. Lakini Kanisa halipokei pombe ya mtama wala ya asali katika kalisi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, na baada yake kanuni ya 924 ya Sheria ya mwaka 1983, zadai divai iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Agizo hilo fupi limeacha alama kubwa katika historia ya kilimo cha nchi yetu.

Mwaka 1957 wamisionari Waitaliano walipanda mizabibu huko Bihawana, karibu na mji wa Dodoma. Walihitaji divai ya Misa, na kuiagiza kutoka ng'ambo kulikuwa na gharama na safari ndefu. Nchi ya Wagogo, inayofanana sana na yetu kwa ukame wake, ikaonekana kuufaa mzabibu. Hewa kavu hupunguza ukungu unaoshambulia majani na vichala, na jua la miezi mingi huongeza sukari katika tunda. Tena, kule Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu kwa mwaka. Dodoma hauna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa. Akipata maji na kupogoa kwa wakati wake, huvuna mara mbili: mnamo Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba.

Kutoka katika mashamba ya misioni, mzabibu ulienea hadi kwa wakulima wa vijijini. Aina iliyopata sifa kubwa ni Makutupora nyekundu, yenye jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu, kaskazini mwa mji wa Dodoma. Tukumbuke kwamba wekundu wa divai kwa kawaida hautoki katika maji ya zabibu, bali katika maganda yake. Ndiyo maana maji na maganda huachwa pamoja yachachuke kabla ya kukamuliwa.

Njia ya mzabibu huo haikuwa nyepesi. Kiwanda cha umma cha DOWICO, kilichokuwa tegemeo la wakulima, kilidorora, na katika miaka ya 1990 wengi wao wakakosa mnunuzi. Hapo ndipo mtu atambuapo ugumu wa zao hili. Mtama ukikosa bei hurudishwa ghalani kungoja mwezi mwingine. Zabibu haingoji, isipofika kiwandani upesi baada ya kuchumwa, huoza mbele ya macho ya aliyeitolea jasho mwaka mzima. Baadaye viwanda vya watu binafsi, kama vile CETAWICO cha Hombolo na Alko Vintages cha Dodoma, vilifungua tena njia ya soko, ingawa kilio cha bei na soko hakikukoma.

Ili tuone thamani ya kile kilichokuwa hatarini, tutazame mahali ambapo urithi wa namna hii umedumu kwa karne nyingi. Huko Pessac, kando ya mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, liko shamba liitwalo Château La Mission Haut-Brion, ambalo divai yake nyekundu ni miongoni mwa zinazoheshimiwa sana duniani. Kwanza lilikuwa mali ya familia ya Lestonnac. Mwaka 1682 likawafikia Walazaristi, mapadre wa shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na kutoka kwao likapata jina la La Mission. Mwaka 1698 wakawa na kikanisa shambani humo. Mapinduzi ya Ufaransa yakawanyang'anya, na mwaka 1792 shamba likauzwa. Mwaka 1919 likanunuliwa na familia ya Woltner, na mwaka 1983 na familia ya Dillon, iliyokuwa ikimiliki shamba jirani la Haut-Brion tangu mwaka 1935. Wenye shamba wamebadilika, mzabibu haukuachwa. Kila aliyeingia alipokea udongo uliokwisha kutunzwa na wengine, akautunza kwa ajili ya watakaomfuata.

Kule Pessac urithi huo una jumba na jina kubwa. Kule Dodoma, mara nyingi ni ekari chache za baba na mama, zenye nguzo na waya. Lakini sharti ni lile lile: mche wa mzabibu huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana, kisha huweza kuzaa kwa miongo mingi. Hakuna azaye kungoja hivyo asipoamini kwamba shamba litabaki kwa watoto wake na kwamba jasho lake litalipwa haki. Nabothi, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, alikataa kumwachia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Ahabu aliliona kuwa kiwanja kizuri cha bustani ya mboga, nalo likagharimu uhai wa Nabothi. Yako mashamba yanayopotea pasipo damu kumwagika: bei mbaya ya miaka mitatu mfululizo yatosha kumfanya mkulima ang'oe mizabibu yake.

Wapendwa, sala ya kuiandaa kalisi humshukuru Mungu kwa tunda la mzabibu na kwa kazi ya mikono ya watu. Hatuwezi kukiheshimu kimoja tukakidharau kingine. Anayenunua zabibu za Dodoma, na vilevile anayepima alizeti ya jirani yake hapa Ihanja, anashika mkononi urithi wa familia. Mizani yake na iwe ya kweli, na malipo yake yafike kwa wakati.