Marienthal, 1931: Watafiti Waliokuja na Nguo



Tukizungumzia saikolojia inayowasaidia wanyonge, wengi wetu hukimbilia nadharia za juzi juzi. Mimi naomba turudi Marienthal, kijiji cha kiwanda cha nguo karibu na Vienna, Austria. Kiwanda kilipofungwa, kati ya familia 478 karibu robo tatu zilibaki bila hata mtu mmoja mwenye kazi.

Mwishoni mwa 1931 waliingia watafiti, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Sharti lao lilikuwa moja: asije mtu kutazama tu, kila mmoja awafae wanakijiji. Basi wakaja na nguo za kugawa, wakaweka matibabu ya bure na mafunzo ya ushonaji. Huku wakisikiliza na kuandika: historia za maisha, chakula cha nyumbani, hata insha za watoto kuhusu zawadi ya Krismasi. Baadhi ya watoto hawakuandika "nataka". Waliandika kwa ile -nge- yetu: ningependa, lau wazazi wangekuwa na kazi.

Wapo waliotarajia kwamba shida itawaamsha watu wadai haki. Kumbe wapi! Wanaume walitembea polepole, wakisimama simama njiani, na saa hawakuvaa tena. Maktaba ilikuwa bure, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu. Wanawake tu ndio hawakuwa na nafasi ya kuzubaa, kwani kazi ya nyumbani haifungwi.

Utafiti huo haukufungua kiwanda. Kitabu kilitoka 1933, Jahoda akafungwa 1936, na 1937 akahamia Uingereza. Lakini ulivunja hoja kwamba asiye na kazi ni mvivu: ule ulegevu ulikuja baada ya kazi kuondoka, haukuitangulia. Baadaye Jahoda alieleza kuwa kazi humpa mtu mpangilio wa siku, wenzake, lengo na heshima, mbali na mshahara.

Sisi wa ughaibuni tunalijua hilo. Tunao walimu na mainjinia wanaolinda maghala usiku, na wazee wanaokaa dirishani. Hapa ninapoishi watafiti wamepita kwetu na madodoso yao, wakajaza, wakaondoka, na ripoti hatukuiona. Kwa hiyo tuwaulize wajao, na sisi wenyewe tunapokwenda kuhoji ndugu zetu nyumbani tujiulize: tumekuja na nguo, au na kalamu tu?

Wasalaam.