Mita 500 ni za nani?

Kuna watu ambao safari yao ya kwenda kustarehe huanza na hesabu. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu cha umeme akitaka kwenda Walt Disney World kule Florida, bei ya tiketi ni jambo dogo. Maswali yake makubwa ni mengine. Kutoka maegesho hadi getini ni umbali gani? Kuna mwinuko? Nitachaji wapi betri ikilegea saa nane mchana?

Hesabu hizo si mchezo. Pale Epcot, mojawapo ya bustani za Disney, njia ya kuzunguka ziwa peke yake ni kama kilomita 2. Hujapanda kitu, hujapanga foleni, hujarudi kwenye gari. Viti vingi vya umeme hutumia betri mbili za volti 12. Kwenye sakafu tambarare betri hudumu, lakini ukianza kupanda mlima au kupita kwenye mchanga, chaji inashuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na betri za risasi ukizimaliza mpaka chini mara kwa mara zinakufa mapema. Kwa hiyo mtu anajifunza kuitunza siku nzima, kama dereva wa lori anavyokadiria mafuta kati ya mji na mji.

Sasa utaniuliza, hayo yanahusiana nini na Ngara na Biharamulo, ambako hakuna Disney wala treni ya kupanda angani? Yanahusiana sana. Mimi naamini kwamba moja ya sura nzito za historia ya wilaya hizi mbili ni historia ya umbali: nani anaweza kuumaliza, nani anabaki njiani, na nani aliyeupanga.

Twende mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa kama saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Dunia ilikuwa haijawahi kuona wakimbizi wengi namna ile wakivuka mpaka kwa muda mfupi hivyo. Walikuja kwa miguu. Mbele ya wengi wao kulikuwa na sehemu iitwayo Benaco, jina lililoachwa na kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Kambi ya kampuni ya barabara ikageuka kuwa jina la kambi ya wakimbizi, na kwa idadi ya watu Benaco ikasemwa kuwa mji wa pili kwa ukubwa Tanzania, nyuma ya Dar es Salaam tu. Mpiga picha Sebastião Salgado alifika mwaka huohuo, na picha zake ziliifanya Benaco ijulikane duniani kote.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Katika umati ule walikuwemo waathirika wa vita, na walikuwemo pia watu waliokuwa na damu ya mauaji ya kimbari mikononi. Habari hiyo imeandikwa sana na lazima iendelee kuandikwa. Mimi leo namtafuta mtu mmoja ambaye haonekani kwa urahisi katika maandishi hayo: yule ambaye miguu yake haikuwa na uwezo wa kutembea.

Hebu fikiria mji wa namna ile unaozaliwa kwa usiku mmoja. Maji yako mahali pamoja. Chakula kinagawiwa mahali pengine, tena mwanzoni kiligawiwa kwa kufuata komuni walizotoka watu Rwanda, kupitia kwa viongozi wao walewale. Choo kiko upande mwingine, hospitali ya mahema upande mwingine tena. Ukiwa na miguu, hiyo ni adha. Ukiwa huna, kila kitu kinategemea nani atakukumbuka. Mwenye magongo hawezi kubeba dumu la lita 20, kwa sababu mikono yake tayari ina kazi. Mwenye baiskeli ya kuzungusha kwa mikono naye hivyohivyo. Maji yanaweza kuwepo, na bado yeye akalala na kiu.

Na Ngara si tambarare. Aliyewahi kufika anajua: ni milima, watu wengi wanaishi juu na maji yako mabondeni. Zamani upande wa pili wa mpaka, Rwanda na Burundi, mgonjwa alibebwa na majirani kwenye machela ya kusuka iitwayo ingobyi. Ndiyo ilikuwa gari la wagonjwa la milimani, na betri yake ilikuwa ujirani. Lakini ukimbizini majirani wametawanyika, na waliobaki nao wamechoka.

Desemba 1996 umbali ulirudi kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa mwezi huo, serikali ya Tanzania pamoja na UNHCR walitoa tangazo kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba. Katikati ya mwezi, maelfu kwa maelfu waliondoka kambini wakaelekea kinyume, ndani zaidi ya Tanzania. Jeshi likawageuza. Wakarudi kwa miguu kuelekea Rusumo, karibu nusu milioni kutoka kambi za mkoa wa Kagera. Barabara ileile, daraja lilelile. Asiyeweza kutembea aliomba mgongo wa mtu au nafasi kwenye lori.

Sasa ndipo historia inapopinda kwa namna isiyojulikana na wengi. Baada ya msiba wa Rwanda na kambi za Maziwa Makuu, mashirika ya misaada yalikaa kujichunguza. Mwaka 1996 ilitoka tathmini kubwa ya pamoja iliyosema wazi kwamba misaada ilikosa viwango na uwajibikaji. Mwaka 1997 ukaanzishwa mradi wa Sphere, na mwaka 2000 kikatoka kitabu chake cha viwango. Ndani yake umo mstari ambao leo unatumika katika kambi duniani kote: kutoka nyumba yoyote hadi bomba la maji pasizidi mita 500. Na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku.

Kwa hiyo ukiona bomba limewekwa jirani na hema mahali popote duniani, ujue kipande cha uamuzi huo kilizaliwa na mateso ya watu waliopita Ngara na Goma. Hilo ni jambo la kuheshimu.

Lakini tupige hesabu kidogo, kama yule mgeni wa Disney. Familia ya watu watano kwa lita 15 kila mmoja ni lita 75. Hayo ni karibu madumu manne. Bomba likiwa mita 500, kwenda na kurudi ni kilomita moja, mara nne ni kilomita nne. Ni sawa na kulizunguka lile ziwa la Epcot mara mbili, kila siku, nusu ya safari ukiwa na kilo 20 kichwani. Na hapo ndipo tumesema kiwango kimefikiwa! Mita 500 ilipimwa kwa miguu mizima. Haikuwa mpaka 2018 ndipo mashirika yalipokubaliana kitabu kamili cha viwango kwa ajili ya wazee na watu wenye ulemavu katika maafa.

Je, vifaa navyo? Kiti cha umeme kilibuniwa Kanada na mhandisi George Klein baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa ajili ya wanajeshi waliopooza. Kilitengenezwa kwa nchi zenye sakafu na soketi. Kwetu jibu lililofaa lilikuwa jingine. Chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi, kimefundisha mafundi kutoka nchi nyingi za Afrika kutengeneza viti vinavyolingana na mazingira yetu, vikiwemo vya magurudumu matatu na kitako kirefu. Siri yake ni rahisi: magurudumu matatu hugusa ardhi yote kwa pamoja hata njia ikiwa na mashimo, na gurudumu la mbele likiwa mbali kiti hakipinduki ovyo. Lakini wenye mahitaji ni wengi mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na walio wengi hawana.

Na umeme? Hapa kuna jambo linalonigusa. Mwishoni mwa 2023 mitambo ya Rusumo ilianza kuzalisha umeme kwenye maporomoko ya mto uleule wa Kagera uliobeba maiti mwaka 1994. Ni megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia ya upande wetu inapita Ngara hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Betri ya kiti cha mtu leo inaweza kuchajiwa na maji ya Rusumo.

Hata hivyo soketi haitoshi kama mlango wa zahanati una ngazi sita. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Mwaka 2019 tukapata hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato, inayogusa Biharamulo na Ngara, na tunataka wageni waje. Vizuri. Kila anayechora ramani ya hifadhi, stendi, soko au kisima katika wilaya hizi ana nafasi ya kufanya kile ambacho Benaco hakikufanyika: kabla ya kupiga kigingi, amwite mtu wa baiskeli ya mikono, atembee naye kutoka mwanzo hadi mwisho, na amwulize amechoka wapi. Kigingi kipigwe hapo.